Kitambaa Hujulikana kwa Vidole

Yupo mzee mmoja anayeshona barazani kule Ihanda, wilayani Mbozi, ambaye hakati kitambaa cha mteja kabla ya kukisaili. Hukivuta kwa urefu, kwa upana, halafu mshazari. Kisha huchomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, huridhika: pamba hiyo. Ukisinyaa, ukayeyuka na kubaki kidonge cheusi kigumu, humwambia mwenyewe bila kumung'unya maneno: "Mama, hiki si pamba tupu. Joto la Oktoba utalijua."

Ninachokipenda zaidi kwake ni tranka lake la mabaki. Mna khaki, marekani, kaniki, gabadini, satini, lasi, tetroni ya sare za shule, na kipande cha kitenge cha wax ambacho rangi zimekolea nyuma sawasawa na mbele. Mtoto akitumwa vifungo, haondoki hivi hivi. "Fumba macho, mjukuu wangu. Shika. Hiki nini?" Mtoto hupapasa, hukosea, hupewa kingine. Hukikunja ngumini na kukiachia, asikilize kwa vidole kama kinajikunjua au kinabaki na makunyanzi. Nimemshuhudia binti wa shule ya msingi akitenganisha khaki ya pamba na tetroni macho yakiwa yamefumbwa, na mzee akacheka kwa furaha hadi cherehani ikasimama. Elimu ya namna hiyo haimo kitabuni. Picha ya kitambaa haina ukwaru, haina uzito, wala haina joto.

Ukanda wetu huu ulikuwa na watu wa pamba. Majirani zetu Wafipa, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, katika karne ya 19 walisokota nyuzi na kufuma nguo nzito kwa miti iliyolazwa chini. Nguo ya marekani ya viwandani ikapanda kutoka pwani, mkoloni akaleta kodi ya fedha, vijana wakaondoka kutafuta vibarua, na ufumaji ukafifia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, angalau tulivaa tena kilichofumwa nchini.

Leo majora yamejaa madukani Tunduma, na watu huchagua kwa macho tu, wengine kwa picha ya simu. Nguo ikichuja, au ikirudi baada ya kufuliwa mara moja, lawama zote kwa fundi! Inaniuma. Kizazi chetu kilibeba vipande vya vitambaa kwenda navyo darasani, tukajichoma sindano, tukajua upande upi unavutika na upi hauvutiki. Watoto wetu wanavaa nguo nyingi kuliko sisi, na hawajui hata moja imetokana na nini.

Yule mzee hana mwanafunzi, na mabaki yake mengi huishia kujaziwa mito. Walimu na wazazi wa Mbozi, pitieni kwa mafundi wenu. Waombeni vipande. Kila shule ijaze tranka moja, na watoto waachwe washike.