Kabla Nargis Hajawa Mama

Nyanya yangu akikasirika hapigi kelele, hutaja picha ya Kihindi. Siku niliporudi Ndia Kuu na begi langu na habari kwamba chuo nimekiacha, mwaka wa pili, hata chai hakunipa. Alinitazama tu, kisha akasema, "Nargis alimpiga risasi mwanawe, wajua?"

Najua. Kila mjukuu wa nyumba ile anajua. *Mother India*, 1957. Radha ni mkulima aliyeachwa na mumewe, amelea watoto katikati ya deni na mafuriko, amevuta plau shambani kwa mabega yake kama ng'ombe. Mwishowe mwanawe Birju anageuka jambazi, anamteka msichana wa watu siku ya harusi, na mama anamlenga bunduki. Nyanya aliiona akiwa kigori, kwenye onyesho la wanawake watupu, sinema imejaa mabuibui, na kilio chao, asema, kilimeza sauti ya picha. Kihindi hakuna aliyekijua. "Kihindi cha nini? Yule alikuwa akinena kwa mato."

Tangu siku ile mimi ndiye Birju wa nyumba. Kwa hiyo nakiri mapema kwamba naandika haya nikiwa na kinyongo. Lakini mwezi uliopita niliketi nikaitazama yote kwenye simu, karibu saa tatu, kisha nikaenda kutafuta picha zake za nyuma. Nilichokiona ni kwamba tumemdhulumu Nargis kwa kumkumbuka kama mama. Tumemfanya waadhi, tukaisahau kazi yake.

Anza na tarehe. Nargis, jina la kuzaliwa Fatima Rashid, alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929. Sunil Dutt, aliyecheza Birju, alizaliwa tarehe 6 Juni 1929. Yaani mama amemzidi mwana kwa siku 5! Wakati wa kupiga picha ile moto ulimzunguka Nargis kwenye seti, Sunil akaingia kumtoa, na Machi 1958 wakaoana. Sasa fikiria: mwanamke hajafika miaka 30, amepakwa mvi, anamkumbatia mwanamume wa rika lake akimwita mwanangu, na sinema nzima hakuna aliyecheka. Wote walilia.

Siri yake ni kwamba haukimbilii uzee. Radha bi harusi anatembea kichwa chini, haraka haraka. Deni likizidi, hatua zinapungua. Mwisho anabaki ajuza aliyeketi, anayetazama kila kitu kama kiko mbali. Mvi ni za fundi wa vipodozi. Huo uchovu ni wa Nargis.

Na hapa ndipo mimi na Nyanya tunapoachana. Yeye hadithi yake huishia kwenye bunduki. Picha haiishii hapo. Baada ya mlio, Radha anamkimbilia Birju, na anafia mikononi mwake. Tena kumbuka ilivyoanza: kijiji kinamtaka bibi huyo afungue mfereji mpya, naye anasita hadi ashawishiwe. Maji yanapotoka, yanageuka mekundu kama damu. Nargis hachezi mama aliyeshinda. Anacheza mama ambaye miaka yote hiyo bado anausikia ule mlio. Anayeitumia picha hii kutisha wajukuu ameondoka sinema kabla taa hazijawashwa.

Rudi nyuma miaka 6, kwenye *Awaara* ya Raj Kapoor, 1951. Nargis ni Rita, mwanasheria. Raj ni kijana wa mtaani, mwizi, ameshtakiwa kutaka kumuua jaji. Jaji huyo ndiye mlezi wa Rita, na, bila kujua, ndiye baba wa Raj. Maisha yake yote ameamini kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi. Rita anavaa joho lake, anasimama mahakamani, anamhoji mzee aliyemlea mbele ya watu. Swali lake ni moja tu: huyu kijana alipotea vipi, na nani alimpoteza?

Ni swali lile lile la Birju. Mwigizaji ni yule yule. Mara moja anajibu kwa bunduki, mara moja kwa kusimama upande wa mshtakiwa. Pwani yetu iliipenda *Awaara* vilevile, si Mombasa tu, hata Unguja. Mahadhi ya picha za namna hii yaliingia hadi kwenye taarab yetu. Marehemu Juma Bhalo alijenga jina kwa kuyatilia maneno ya Kiswahili. Lakini nyumbani kwetu aliyebaki ni mwenye bunduki. Wakili hatajwi.

*Awaara* nayo ina doa, sitalificha. Ufuoni Raj anampiga Rita makofi, na Rita anazidi kumpenda. Nargis anajitahidi kukipa kipande kile utu, lakini hakuna uso unaoweza kuokoa maandishi ya namna ile.

Jambo jingine linalopotea tukimwita mama tu: huyu alikuwa mfanyakazi tangu utotoni. Mamake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengeneza filamu, akamtia kwenye picha mwaka 1935 akiwa na miaka 6. Inasimuliwa kwamba mtoto mwenyewe alitaka kuwa daktari. Akiwa na miaka 14 alikuwa steringi wa kike wa *Taqdeer*. Baada ya ndoa karibu aache kabisa, kisha mwaka 1967 ikatoka *Raat Aur Din*, mke mtulivu mchana na mwanamke mwingine kabisa usiku, ikampa tuzo ya taifa ya India. Alifariki tarehe 3 Mei 1981, saratani, na miaka 52 hajafikisha. Ukimtazama katika *Raat Aur Din* unaona mtu aliyechoka kuwa kitu kimoja kwa ajili ya wengine.

Juzi, baada ya Isha, nilimwekea Nyanya *Awaara*. Simu tuliiegemeza kwenye birika, dirisha wazi, Ndia Kuu imeshatulia, watalii wa Fort Jesus wamekwenda zao. Alitazama kesi yote bila neno. Rita alipomaliza kumhoji jaji, Nyanya alivuta leso yake mabegani.

"Mtoto wa watu amsimamia mwizi," akasema.

Nikangoja nisikie Nargis gani atanitajia.

"Haya. Chai iko jikoni. Nami nitilie."