Kupiga Kinanda na Kucheza Piano

Tendo la kutoa sauti katika piano lina maneno mawili yanayoshindana katika Kiswahili. La zamani ni kupiga. La siku hizi ni kucheza. Huweza kudaiwa kwamba kupiga ni neno la ukali, lifaalo fimbo na ngoma, wala halistahili chombo chenye sauti laini. Dai hili lafaa kupimwa, maana mhakiki asiye na neno la hakika juu ya tendo hawezi kutoa hukumu ya hakika juu ya mtendaji.

Kupiga si kuumiza tu. Mtu hupiga hodi, hupiga magoti, hupiga mbizi, hupiga pasi, hupiga picha, na hakuna ajeruhiwaye. Katika muziki neno hili limeenea zaidi ya kishindo cha mkono: zumari hupulizwa, lakini husemwa kwamba hupigwa; nyuzi za gambusi huchokolewa, nazo husemwa kwamba hupigwa. Maana yake hapo ni kukitoa chombo katika kimya chake.

Kucheza, kwa upande wake, kuna kazi yake tangu kale. Katika ngoma moja wako wapigao na wako wachezao. Wa kwanza wamekaa na ngoma zao, wa pili wamo uwanjani. Kiswahili kimewatenga kwa maneno mawili tu, bila maelezo. Akiitwa mpiga piano mchezaji, mpaka huo unafutika, na lugha inapata hasara pasipo faida. Kucheza kwa maana hii kumefuata Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa mchezo wa watoto na kwa kazi ya mwanamuziki. Kijerumani nacho hufanya vivyo hivyo. Lakini Ulaya yenyewe haina kauli moja. Mhispania hugusa piano, na Mwitalia huilizisha. François Couperin wa Ufaransa alipochapisha mafunzo ya kinanda chao cha wakati ule mwaka 1716, alikiita kitabu chake L'art de toucher le clavecin, yaani ufundi wa kukigusa chombo hicho.

Tena, kwa piano, kupiga ni kweli hata kwa umbo la chombo. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeunda piano za kwanza karibu na mwaka 1700, aliacha njia ya kuchokoa nyuzi na kuweka nyundo ndogo za kuzipiga. Kwa sababu hiyo kidole kiliweza kuamua upole na nguvu ya sauti, na jina la piano limetokana na uwezo huo.

Hata hivyo, upungufu upo, nao hauondolewi kwa kucheza. Kinanda ni jina la vyombo vingi. Kinanda cha kanisani hudumisha sauti muda wote kidole kinapobonyeza. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogusa uzi. Kuunganisha sauti zinazofifia hata zisikike kama pumzi moja ya mwimbaji ni kazi ya mpigaji hodari, na Chopin aliwahimiza wanafunzi wake wawasikilize waimbaji kwa ajili hiyo. Neno kupiga, likiachwa peke yake, halimtengi hodari huyo na mwanafunzi wa juma la kwanza.

Dawa imo ndani ya lugha. Mwanafunzi atafutaye sauti kwa kidole kimoja anadonoa. Asiye na nia anapigapiga. Mwenye nguvu bila kipimo anagonga. Mwenye kidole chepesi anapapasa, na aunganishaye sauti anakiimbisha kinanda. Kucheza nako kuna mahali pake hapa: mpigaji huchezesha vidole, lakini piano huipiga. Na ampigiaye mwimbaji amebeba wajibu mwingine, wa kumsindikiza bila kumfunika; herufi chache za kauli ya kutendea zatosha kuutaja.

Basi kupiga na kubaki kuwa jina la tendo, na maneno haya mengine yawe mizani ya ubora wake. Mhakiki aandikaye tu kwamba piano ilichezwa vizuri amesifu bila kueleza; aandikaye kwamba ilipigwa hata ikaimba amemwambia msomaji jambo linaloweza kukubaliwa au kupingwa.