Sikio Kwenye Bomba

Katika majumba ya mawe ya Lamu mlikuwa na birika la maji ya kuogea, na wenyewe walikuwa na dasturi ya kutia humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika wakajengea bakuli la kauri ya Kichina, ili siku ambayo maji yangepunguka sana samaki wale wapate mahali pa kungojea. Bakuli hilo nimelitaamali mara nyingi. Aliyelijenga aliifikiria siku ya upungufu kabla haijafika, tena aliifikiria kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kusema. Na kwa kuwa kazi ninayotaka kuisifu hapa, yaani kuziba nyufa na kunyamazisha kelele katika mabomba ya hodhi la samaki la nyumbani, inatokana na fikira iyo hiyo, naona haya kuiita kazi ndogo.

Hodhi langu ni la kioo, lita 300, maana yake ni kilo 300 za maji kabla hujahesabu mchanga na mawe, na wakazi wake ni samaki wa Ziwa Tanganyika wasiozidi urefu wa kidole, ambao maskani yao ni makaka matupu ya konokono. Maji hufurika kwa juu kwenye ukingo wenye meno, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini lililomo kabatini, huchujwa, kisha pampu huyarudisha juu, usiku na mchana. Lakini maji yanaposhuka katika bomba wazi bila kulijaza, huzunguka na kuburura hewa. Hewa hujikusanya, maji hupanda juu yake hata yakapata nguvu ya kuvuta, yakaimeza hewa yote kwa mkoromo mmoja mkubwa, mvuto ukakatika, na mambo yakaanza upya. Mwenye kulala chumba cha pili husikia kana kwamba kuna mtu anayesukutua asiyemaliza kutawadha.

Aghalabu watu hudhani kwamba kelele ni taksiri moja na kuvuja ni nyingine. Mimi nimeyaona yote mawili kuwa jambo moja: hewa na maji yamekutana mahali ambapo fundi hakuyapa miadi. Wala asidhani mtu kuwa anayesumbuka ni mwenye nyumba peke yake, kwani samaki ana mstari ubavuni mwake unaohisi mtikisiko wa maji, na mngurumo wa pampu iliyowekwa juu ya ubao mtupu humfikia mwilini kabla ya kutufikia sisi masikioni. Kipande cha sponji nene chini ya pampu, na shibiri moja ya mpira laini kati yake na bomba gumu, humwondolea sehemu kubwa ya adha hiyo.

Zipo nyufa za dhahiri, zinazodondosha maji na kuacha mchirizi mweupe wa chokaa. Hizo hazimshindi mtu. Ufa unaostahiki heshima ni ule usiovuja bali unaovuta. Bomba linalotoka tangi la chini kwenda kwenye pampu hunyonywa muda wote pampu inapofanya kazi, na kiungo chake kikiwa na mwanya mwembamba kuliko unywele, hakitoki hata tone: hewa ndiyo inayoingia, ikasagwa ndani ya pampu, ikatokea juu hodhini kama vumbi jeupe linaloelea. Hali hiyo ilinipata, na fundi niliyemwita alipaka silikoni juu ya viungo vyote, akaondoka na ujira wake. Ilinikera, nami nasema wazi kwamba huko ni kuficha, kwa sababu silikoni haishiki vema juu ya plastiki ya bomba, sembuse ikiwa imelowa.

Basi usiku mmoja, nyumba ilipotulia, nilichukua kitambaa, nikakichovya majini, nikakizungushia kiungo cha kwanza, nikaweka sikio kwenye bomba na kungoja. Hapana badiliko. Cha pili, hapana. Sabuni isingefaa, kwa kuwa ambacho ufa ungekinywa kingewafikia samaki. Kwenye kiungo cha tatu, mara tu kitambaa kilipokizunguka, mchakacho ndani ya pampu ulififia, na baada ya muda maji ya hodhi yakaanza kutakata. Nilizima pampu, na pale pale kiungo kikatoa jasho, chembe tatu za maji, kwa kuwa sasa hapakuwa na kinachovuta. Nilipokifungua nikaona kuwa utepe mweupe wa kuzibia ulikuwa umezungushwa kinyume cha hesi, hivyo kadiri kiungo kilivyokazwa, utepe ulijikunjua na kujikusanya pembeni.

Wanaotia kalafati jahazini hupachika pamba yenye mafuta kutoka upande wa bahari, ili maji yenyewe yaishindilie. Hali kadhalika mpira wa kiungo kinachopita katika tundu la kioo hukaa upande wa maji, nao hukazwa kwa mkono, ukaongezwa robo ya mzunguko, basi. Anayezidisha hupasua kioo. Na gundi ya mabomba si gundi kwa hakika, bali huyeyusha nyuso mbili zikawa mwili mmoja, ndiyo sababu bomba likatwe wima, ncha isuguliwe msasa, kisha liingizwe kwa kulizungusha kidogo na kushikiliwa kama nusu dakika, kwani tundu la kiungo limesinyaa kwa ndani na bila mkono hulisukuma bomba litoke.

Baada ya mwanya kuzibwa, ulisalia ule mkoromo. Wale ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliotunga kitabu cha hila za maji katika karne ya 9, walijua ni kiasi gani cha kazi mtu aweza kuyapa maji na hewa akiyapangia zamu. Nami nilifuata kanuni hiyo hiyo. Bomba kuu la kushushia maji nililitia koki ya gurudumu, ambayo hufunga polepole, nikaibana hata bomba likajaa maji matupu, na bomba la pili, lililo kando yake, nikaliacha wazi lipokee kitakachozidi. Ncha ya chini ya bomba kuu niliizamisha sentimita 3 tu, kwani likizama sana hewa ya mwanzo haipati njia ya kutoka. Thumuni ya mzunguko, nangoja dakika kumi. Thumuni nyingine, nangoja tena. Karibu na alfajiri bomba la pili lilikuwa likipitisha mchirizi mwembamba mfano wa uzi, bila sauti, na samaki mmoja alitoka kakani mwake akaanza kuhamisha mchanga, tonge baada ya tonge, kwa mdomo.

Kitambaa nimekitundika juu ya koki, hakijakauka. Ute huota ndani ya bomba na kulifanya jembamba, hivyo mwezi ujao nitakihitaji.