Sahani Iliyotufundisha Kusikiliza Tena

Siku hizi watu wengi husikia nyimbo, bali wanaozisikiliza ni wachache. Nyimbo zimo katika motokari, madukani, hata mezani tunapokula, nazo hupita kama upepo. Sisi nasi tulikuwa tumefikia hali hiyo. Hata The Black Keys, bendi tuliyoipenda kuliko zote, ilikuwa imekuwa kwetu kelele ya kusindikiza kazi, basi. Sahani yao iitwayo Delta Kream ndiyo iliyotuamsha, na inafaa kueleza kwa nini.

Bendi hiyo ni watu wawili wa mji wa Akron, katika Ohio, huko Marekani: Dan Auerbach, apigaye gita na kuimba, na Patrick Carney, apigaye ngoma. Sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 2002. Roki yao imezaliwa na bluzi, tena si bluzi ya kila mahali, bali ile ya vilima vya kaskazini mwa Mississippi, ya wazee kama Junior Kimbrough na R. L. Burnside. Baadaye walipata sifa kubwa, nyimbo zao zikawa fupi na zenye kung'aa, za kuimbwa na umati. Hatuzidharau, lakini nyingi zilituingia upesi, zikatutoka upesi vilevile.

Basi, Desemba 2019 waliingia studio ya Auerbach huko Nashville, wakapiga nyimbo 11 kwa alasiri mbili tu. Sahani ikatolewa Mei 2021. Humo hamna wimbo wao wenyewe hata mmoja. Zote ni za wazee. Wakawaalika Kenny Brown, aliyepiga gita kando ya Burnside miaka mingi, na Eric Deaton kwa gita la besi.

Mtu asiyezoea bluzi ya vilima vile atauliza: mbona wimbo hauendi popote? Kweli, hauendi, unazunguka. Sauti ya gita hurudi palepale, ngoma haina haraka, na masikio, yakikosa kitu kipya cha kukimbilia, huanza kuona vitu vidogo: Brown anavyoteleza juu ya nyuzi, besi inavyochelewa kidogo makusudi. Wimbo wa kwanza, Crawling Kingsnake, hupita dakika sita. Mara ya kwanza tuliona ni mrefu. Mara ya tatu tulisikitika ulipokwisha.

Tena kuna Do the Romp, wimbo wa Kimbrough waliokuwa wameupiga tayari mwaka 2002. Ule wa zamani ni wa vijana wawili wenye nguvu na kiburi, wanaogombana na wimbo. Katika huu wa sasa hawagombani tena. Wanauacha uende, nao wanaufuata nyuma.

Wengine wanasema: hao ni Wazungu wa Ohio, wanapata faida kwa nyimbo za Watu Weusi wa Mississippi waliokufa bila mali. Neno hili ni zito, wala sahani nzuri hailifuti. Kimbrough alikuwa amepita miaka 60 ilipotoka sahani yake kubwa ya kwanza, All Night Long, mwaka 1992; naye akafa mwaka 1998. Auerbach na Carney hawakuficha chanzo: mwaka 2006 walikwisha kutoa Chulahoma, nyimbo za Kimbrough peke yake. Hata hivyo, kuna jambo wasiloweza kuliazima. Katika Going Down South, wa Burnside, Auerbach anaimba kwa sauti ya juu, nyembamba, nzuri sana. Lakini katika nyimbo za Kimbrough sauti yake ni ya mgeni mwenye adabu.

Tulilijua hilo tulipoitafuta All Night Long yenyewe. Mzee anaimba kama mtu anayenong'ona peke yake gizani, na gita lake linamjibu. Tuliisikiliza yote tukiwa tumekaa kimya, mikono mitupu, kisha tukaianza tena.