Sifa za Kusota

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi mmoja, Roy Trubshaw, alianza kuandika gemu la kompyuta lisilo na picha hata moja. Lilikuwa maandishi matupu, ila watu kadhaa waliweza kuingia humo kwa wakati mmoja wakakutana. Mwenzake, Richard Bartle, alilipokea akaliendeleza. Liliitwa MUD. Mchezaji alizunguka akitafuta hazina, na alipoipata aliibeba mpaka kwenye kinamasi akaitupa. Pointi ziliingia pale hazina ilipozama. Zikitosha alipanda daraja, na juu kabisa ya madaraja yote alikaa mchawi, mwenye mamlaka juu ya wenzake.

Tangu hapo magemu ya mtandaoni yamepata milima, majoka, okestra na mabilioni ya dola, lakini desturi ya kinamasi haijatoka. Mti uleule unakatwa mara elfu. Samaki walewale, ufuo uleule, wiki ya pili sasa. Asiyecheza huuliza kusota huku kuna faida gani, na anayecheza mara nyingi hujibu kwa aibu, kwamba anamalizia tu levo moja halafu alale. Mimi nataka kuusifu msoto huu bila aibu yoyote, na niusifu kama ufundi wenye mafundi, zana na aibu zake.

Nitatumia RuneScape, kwa kuwa ndilo ninalolijua ndani nje. Lilifunguliwa Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na nduguye Paul, huko Uingereza. Ndani yake kuna stadi za kukata miti, kuvua, kuchimba madini, kupika, kufua vyuma na nyingine nyingi, na katika Old School, toleo lake la mtindo wa zamani, kila stadi ina levo 99. Kufika 99 kunadai pointi 13,034,431. Ukigonga levo ya 92 unaanza kujipongeza, lakini hesabu inaonyesha una pointi 6,517,253, yaani ndiyo kwanza uko katikati ya safari. Kila baada ya levo saba hivi, jumla inayotakiwa huongezeka mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila hapa kibaba nacho hutanuka kila kinapokaribia kujaa.

Mtu akisikia hivyo hudhani kinachotakiwa ni uvumilivu tu. Uvumilivu upo, lakini si ndio unaomtofautisha fundi na mwanagenzi. Tazama mfuko. Mhusika ana nafasi 28 za kubebea vitu, safu nne za kusimama zenye nafasi saba kila moja, na namba hiyo imezaa elimu nzima. Mvuvi wa kambakoche asiyelipia uanachama alizoea kwenda kisiwa cha Karamja, nauli ya meli sarafu 30. Samaki ni wengi, lakini benki haipo. Akijaza nafasi zake alirudi na meli hadi Port Sarim, kisha akatembea mpaka benki ya Draynor, halafu safari yote upya. Mwanachama huenda Catherby, ambako benki iko hatua chache kutoka ufukweni. Kambakoche ni yuleyule na pointi ni zilezile. Tofauti yote iko kwenye miguu, na fundi huanza kwa kuhesabu miguu kabla hajashika dema.

Wapo wasiokwenda benki kabisa. Mfuko ukijaa humwaga samaki wote ardhini na kuendelea kuvua, kwa sababu wanachokifuata ni pointi, samaki hana kazi kwao. Hicho ni kinamasi cha Essex kikiwa kimevaa nguo mpya. Na hata kumwaga kuna mabishano yake: je, ushuke safu hadi safu kama anayesoma kutoka juu, au upite kama nyoka, ushuke hii na kupanda ile, ili kipanya kisirudi bure juu? Nimewahi kusoma watu wazima wakibishana jambo hilo kwa ukali wa wanasheria. Nikawaelewa kabisa.

Chini ya yote hayo kuna pigo. Seva ya RuneScape haiendi mfululizo kama saa ya ukutani. Inapiga, mara moja kila sekunde 0.6, na kila jambo katika dunia ile hutokea juu ya pigo. Kwetu Afrika Mashariki hilo lilikuwa na maana ya pekee. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kutua mwaka 2009, SEACOM ikiwa miongoni mwa za kwanza, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipitia setilaiti zilizoko karibu kilomita 36,000 angani, na safari ya kwenda na kurudi peke yake ilikula kama nusu sekunde au zaidi. Gemu la kurushiana risasi halichezeki hivyo. Unauawa na mtu ambaye hujamwona bado. RuneScape lilichezeka, tena kwenye kivinjari cha kompyuta ya kukodi. Pigo lake ni pana. Mbofyo ukichelewa, unaangukia pigo linalofuata na shoka linaendelea kukata. Sidhani waliobuni pigo lile walitufikiria sisi, lakini walitutengea kiti.

Mafundi wakaligeuza pigo kuwa ala. Kwa kawaida mvuvi hupata nafasi ya kunasa samaki kila mapigo matano. Wachezaji wakagundua kwamba ukianza kazi ndogo nyingine, kwa mfano kuchanganya jani na lami ya kinamasini, kisha ukabofya samaki kabla mchanganyiko haujakamilika, saa ya ndani ya gemu inapotea njia na nafasi inakuja kila mapigo matatu. Hiyo ni sekunde 1.8. Jani, lami, samaki. Jani, lami, samaki, na katikati ya hapo unamwaga uliowapata bila kuvunja mdundo. Ukikosea pigo moja mnyororo wote unakatika, unaanza upya. Ulikuwa ufa katika programu, nao umeachwa, na juu ya ufa huo watu wamejenga ustadi ambao mwili hauupati mpaka vidole viache kumuuliza mwenyewe.

Halafu kuna ncha ya pili. Nenda kwenye miti mikubwa ya redwood, bofya mara moja, na mhusika atakata kwa muda mrefu bila kukuhitaji. Pointi ni chache kwa saa, lakini macho yako yako huru. Tangu Oktoba 2018, gemu la Old School lilipoingia kwenye simu, msoto wa namna hii umehamia kwenye foleni za benki, kwenye daladala, na jikoni wakati maji ya ugali yakichemka. Wenye haraka huwadharau wakataji hawa. Mimi naona ndio wanaoonyesha ufundi ulipo. Kati ya sekunde 1.8 na mti wa redwood kuna ngazi ndefu ya kazi, kila moja ikidai kipimo chake cha umakini, na fundi ni yule anayejua leo ana kiasi gani. Umetoka kazini kichwa kimechoka: kata miti. Umeamka mapema, nyumba imetulia: shika jani na lami. Anayevua kwa mapigo matatu huku amechoka hupata pungufu kuliko aliyekaa tu chini ya mti, na tena huchukia gemu zima. Bibi wa pwani anayesuka ukili anaujua mpango huo: mdomo uko na jirani, vidole viko kwenye miyaa, na jicho hurudi pale tu palipo na hatari ya kukosea.

Mazungumzo nayo ni sehemu ya kazi. Miti ya Draynor iliyo jirani na benki ilikuwa baraza. Watu walisimama pale wakikata na kupiga soga, na mmoja akipanda levo fataki zilimlipukia kichwani, wote wakampongeza, mashoka yasisimame. Kazi ngumu mno huua maongezi, na burudani tupu haiyapi sababu ya kuendelea. Msoto hukaa katikati.

Lakini sisifu kila kitu. Ujira wa magemu haya ni wa aina mbili, na watu huuchanganya. Aina ya kwanza ni mshahara: samaki mmoja, pointi kadhaa, kila mara, hakuna upendeleo. Wapi kwingine duniani mtu analipwa kila tone la jasho lake siku hiyohiyo, bila kumjua mtu ofisini? Aina ya pili ni bahati nasibu. Ukitaka mjeledi maarufu wa gemu hili bila kuununua, lazima kwanza ufikishe levo ya 85 katika stadi ya kuwinda mazimwi, kisha uue pepo wa kuzimu, na kila pepo ana nafasi 1 kati ya 512 ya kuuangusha. Wengi hudhani wakiua pepo 512 watakuwa nao. Hesabu inakataa: kati ya watu 100 watakaoua 512, kama 37 wataondoka mikono mitupu. Hata wakiua mara tatu ya hapo, watano hivi bado watakuwa wanalaani. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba njiwa anayelipwa bila mpangilio hudonoa bila kuacha. Fundi wa kweli huenda kwa pepo wale kwa sababu ya pointi za uwindaji, na mjeledi ukidondoka anaupokea kama mgeni.

Kampuni nazo zinajua habari ya njiwa. Mwaka 2012 RuneScape lilipata gurudumu la bahati lililotoa, pamoja na mengine, pointi za stadi, na baada ya muda mfupi mizunguko yake ikauzwa kwa fedha halisi. Kwa aliyesota, hilo lilikuwa kama kununua sugu za mkono bila kufanya kazi. Februari 2013, baada ya kura ya wachezaji wengi mno, kampuni ya gemu hili ilifungua tena nakala ya zamani ya Agosti 2007, ikaiita Old School. Watu walipiga kura kurudi kwenye polepole! Na haikuishia hapo. Baadhi walianza kujiwekea amri wenyewe: hakuna kununua wala kupokea chochote kwa mtu mwingine. Ukitaka upinde, chuma kitani, sokota uzi, kata mti, chonga. Mwaka 2014 kampuni ilikubali ikawatengenezea aina rasmi ya akaunti. Hata katika gemu jingine, World of Warcraft, alikuwepo mhusika aitwaye Doubleagent, panda aliyekataa kuchagua upande katika vita vya dunia ile. Alibaki kwenye kisiwa cha kuanzia, ambacho kiko mgongoni mwa kobe mkubwa anayeogelea, akichuma maua na kuchimba madini mpaka akafika levo ya 90, iliyokuwa ya mwisho wakati huo. Sijui insha bora kuliko hiyo ya kusifu ufundi huu, nayo iliandikwa kwa maua.

Lipo pia jambo lisilosifika kirahisi. Sarafu ya Venezuela ilipoporomoka, Wavenezuela wengi waliingia RuneScape kuua majoka ya kijani, wakauza dhahabu ya gemu kwa dola, kinyume cha sheria za gemu lenyewe. Mwaka 2017 ulisambaa mwongozo wa jinsi ya kuwawinda ndani ya gemu. Walisota kama mimi, mti kwa mti na joka kwa joka, wengine kwa ustadi kunizidi, na jioni palinunuliwa chakula. Siwezi kumwambia mtu huyo habari za kipimo cha umakini na redwood. Alilazimika kutoa umakini wote, kila siku, na kuchagua ndiko alikonyang'anywa.

Kuhusu roboti, yaani programu zinazocheza badala ya mtu, kampuni huzifukuza kila mwaka kwa wingi na zinarudi. Roboti inavua kwa mapigo matatu usiku kucha bila kukosea, na kama ufundi ungekuwa kasi tu, ingekuwa imetushinda kitambo. Lakini roboti haichoki, kwa hiyo haina cha kupima.

Kuna mchezaji aitwaye Lynx Titan, wa kwanza katika Old School kufikisha pointi milioni 200 katika kila stadi. Milioni 200 ndipo kaunta inapogota. Stadi zilikuwa 23, jumla pointi bilioni 4.6, na levo ya 99 ilikuwa imeshafikiwa zamani sana njiani. Hakuna zawadi yoyote kati ya milioni 13 na milioni 200. Kisha tarehe 19 Novemba 2025 gemu likaongezewa stadi ya 24, ubaharia, ambayo wachezaji wenyewe waliipigia kura. Jumla ya juu ya levo ikatoka 2,277 ikawa 2,376. Waliokuwa wamemaliza kila kitu wakajikuta levo ya 1, wameshika usukani wa kimashua sawa na mgeni wa jana, na ubishi uliofuata ulikuwa juu ya njia ipi ina pointi nyingi kwa saa, na ipi inakuruhusu kutazama pembeni.