Mpira Chini ya Jicho: Kutoka Hanif Mohammad hadi Saud Shakeel

Jumatano ya Machi 16, 2022, Babar Azam, nahodha wa Pakistan, aliondoka katikati ya uwanja wa kriketi wa Karachi akiwa na mikimbio 196. Alikuwa amesimama mbele ya vijiti vyake kwa dakika 603 na kukabili mipira 425 ya Mitchell Starc, Pat Cummins, Nathan Lyon na wenzao. Australia ilikuwa imewawekea Pakistan lengo la mikimbio 506, ambalo hakuna timu iliyowahi kulifikia katika historia ya Testi, mechi za kimataifa za siku kadhaa, na wiketi mbili za Pakistan zilikuwa zimeanguka kwa mikimbio 21 tu. Jua lilipozama Pakistan walikuwa na 443 kwa wiketi 7, na mechi ikaisha sare. Hakuna nahodha mwingine aliyewahi kupata mikimbio mingi kiasi hicho katika ngwe ya nne ya mechi ya Testi.

Nasema ngwe, yaani zamu ya kupiga, kwa maana ileile ya mkulima: kipande ulichopimiwa, ambacho huachi kukilima mpaka ukimalize au utolewe.

Kila ninapoirudia ngwe ile kwenye video huniwazisha juu ya mtu mwingine, Hanif Mohammad, na ndipo linapoanza swali ambalo mashabiki wa Pakistan hawachoki kulijadili: wapigaji wa sasa wanafikia wa zamani? Wengi hulijibu kwa wastani. Watasema Hanif Mohammad ana 43.98 katika Testi 55, Javed Miandad ana 52.57 katika Testi 124, Younis Khan ana 52.05 na mikimbio 10,099, kisha wanaweka jina la Babar chini yao na kufunga daftari. Sikubali kipimo hicho. Wastani hausemi pichi ilikuwaje, mpira ulipita wapi, wala mpigaji alivaa nini kichwani. Kuna kitu kimoja kinachoweza kulinganishwa bila kujali miaka, nacho ni mahali ambapo bati linakutana na mpira. Kuna anayeusubiri mpaka ufike chini ya macho yake, na kuna anayeufuata mbele ya mguu. Mengine mengi ya upigaji wa Pakistan yanatoka hapo.

Hanif aliusubiri kuliko wote. Januari 1958, Bridgetown, Barbados, West Indies walifunga ngwe yao wakiwa na 579 kwa wiketi 9. Pakistan wakang'olewa wote kwa mikimbio 106, wakalazimishwa kurudi kupiga palepale wakiwa nyuma kwa 473, na mechi ile ilikuwa ya siku sita. Hanif alikuwa na miaka 23, mfupi wa kimo, bila kofia ngumu, na mbele yake alikuwapo Roy Gilchrist, mmoja wa warushaji wa kasi waliotisha kuliko wote wa enzi ile. Siku ya tatu ilipoisha alikuwa na 61. Ya nne ilipoisha, 161. Ya tano, 270. Alipodakwa siku ya sita alikuwa na 337, baada ya dakika 970. Hakuna aliyewahi kusimama muda mrefu hivyo katika ngwe moja ya Testi, kabla yake wala baada yake. Pakistan walifika 657 kwa wiketi 8 na mechi ikaokolewa.

Aliwezaje? Kwanza, aliacha. Mpira mfupi wa Gilchrist uliopanda kuelekea kichwani hakuuzungushia bati, aliinama ukapita. Mtu aliyeamua kutoupiga mpira wa aina fulani kwa siku tatu na zaidi amejipunguzia njia za kutolewa, lakini lazima pia avumilie saa nzima ambazo karibu hakuna kinachoingia kwenye ubao. Pili, bati lake lilikaa ubavuni mwa pedi bila nafasi katikati, na mikono ilikuwa milegevu. Ulegevu huu ndio siri kubwa. Ukilikaza bati, mpira unaoligusa ukingoni huruka hadi kwa wadakaji walio nyuma. Ukililegeza, mpira unafia miguuni mwako kama tone la maji kwenye mchanga. Tatu, na hili ndilo linalobeba hayo mawili, aliuacha mpira uje. Anayeuchezea chini ya jicho amepata muda wote wa kuuona unapinda hewani, unatua na kubadili njia.

Sidhani tabia hiyo ilitokana na moyo wake peke yake. Kizazi cha kwanza cha Pakistan kilikulia kwenye pichi za mikeka, nyuzi za makumbi au za juti zilizotandikwa na kuvutwa juu ya ardhi ngumu. Yeyote aliyewahi kupiga mpira juu ya mkeka anajua unavyoruka juu na kuuma ghafla. Ukiuendea mapema utaudakisha. Mkeka ulimfundisha mtoto wa Karachi kusubiri hata kabla kocha hajamwambia.

Sasa tazama hesabu hii, kwa sababu ilinishangaza nilipoifanya. Hanif alipata wastani wa mikimbio karibu 21 kwa saa kule Bridgetown. Babar, kule Karachi, alipata kati ya 19 na 20. Kwa saa ya ukutani, mtu wa zama za T20, mechi fupi za ova 20, alikwenda taratibu kuliko yule tuliyeambiwa ni mfano wa uvumilivu! Ni kweli kwamba enzi za Hanif warushaji walimaliza ova (mafungu ya mipira sita) nyingi zaidi kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya mipira Babar ndiye mwenye kasi. Hata hivyo hesabu hiyo inatosha kunyamazisha madai kwamba kizazi hiki hakina subira. Siku ile Karachi, Babar alicheza karibu na mwili, aliacha mipira ya nje ipite, na mikono yake ililegea mbele ya Lyon. Uwezo upo.

Ila hakuweza kumwiga Hanif moja kwa moja, na hapa wanaowasifu wazee peke yao wanakosea. Zamani mpigaji aliweza kunyoosha mguu mbele sana, akaficha bati nyuma ya pedi, akauacha mpira unaozunguka ugonge pedi. Mwamuzi aliyesimama mbali hakuwa na hakika, na shaka yote ilikwenda kwa mpigaji. Leo kamera zinachora njia ya mpira hadi kwenye vijiti, na pedi ile iliyokuwa ngao imekuwa mtego. Babar na wenzake wanalazimika kuutetea mpira kwa bati lililo mbele ya pedi, na hiyo maana yake ni kukutana na mpira mapema kidogo kuliko Hanif. Sentimita chache tu, lakini ndizo zinazomdakisha mtu kwa wadakaji wa karibu.

Kati ya Hanif na Babar yupo Javed Miandad, ambaye kwangu ndiye mpigaji mwenye akili kuliko wote waliowahi kuivalia Pakistan jezi. Hanif alisubiri ili asitoke. Miandad alisubiri ili apate. Aliuacha mpira ufike hadi karibu na mlinda wiketi ndipo aukate nyuma kwa kiganja, au augeuze ubavuni katikati ya wadakaji wawili aliokwisha kuwapima kwa macho. Dunia inamkumbuka kwa Sharjah, Aprili 18, 1986: fainali dhidi ya India, mpira mmoja umebaki, mikimbio minne inatakiwa, wiketi moja mkononi. Chetan Sharma alitaka kuutua mpira miguuni mwa Miandad, ukaja juu bila kutua, na Miandad akaurusha nje ya uwanja kwa sita. Picha ile imerudiwa mno hata imeifunika ngwe yenyewe. Alimaliza na 116 kwa mipira 114, akiwa na foo (mipigo ya minne) 3 na sikisi (mipigo ya sita) 3 tu. Toa hizo 30, inabaki mikimbio 86 aliyoikimbia kwa miguu yake, mmojammoja na miwilimiwili, katika joto la Sharjah. Mpira wa mwisho ulimkuta bado yupo kwa sababu ya hiyo 86.

Miaka kumi baadaye, hapa kwetu, tuliona kinyume chake kabisa. Oktoba 4, 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana aliyeletwa kama mrushaji kujaza nafasi ya Mushtaq Ahmed aliyeumia aliambiwa aingie wa tatu kupiga, dhidi ya Sri Lanka waliokuwa mabingwa wa dunia. Shahid Afridi alishika bati la Sachin Tendulkar, lililokuwa mikononi mwa Waqar Younis ili lichongewe mfano wake Sialkot, na akafika mikimbio 100 kwa mipira 37. Rekodi hiyo ilidumu hadi siku ya kwanza ya mwaka 2014. Alitoka na 102: sikisi 11, foo 6. Hesabu tena: 90 kwa kuvusha kamba, 12 kwa kukimbia. Hewa nyepesi ya Nairobi ilisaidia, lakini mikono ile ilikuwa imefunzwa kwingine. Mitaani Karachi, hasa usiku wa Ramadhani, vijana hucheza kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme. Ni mwepesi, unateleza kwa kasi, na mechi ni za ova chache, kwa hiyo kuzuia hakuna faida yoyote. Unaondoa mguu wa mbele njiani, unafungua mabega, unakutana na mpira mbele kabisa ya mwili. Mkeka ulizaa Hanif, na mpira wa utepe ukazaa wapigaji wa aina ya Afridi.

Walikuwepo waliobeba vyote viwili. Saeed Anwar, aliyepiga 194 dhidi ya India mjini Chennai mwaka 1997, alikuwa na viganja vya kuuchelewesha mpira na mikono ya kuupeleka mbali. Inzamam-ul-Haq alionekana kama mtu aliyeongezewa nusu sekunde ambayo wengine hawakupewa. Mohammad Yousuf alilinyanyua bati juu sana kisha akalishusha wakati wa mwisho kabisa, na mwaka 2006 akapata mikimbio 1,788 ya Testi, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuipata katika mwaka mmoja.

Kizazi cha sasa kimelelewa na T20, na ndani ya T20 kimefanya mambo makubwa. Oktoba 24, 2021, Dubai, Babar na Mohammad Rizwan waliifunga India bila kupoteza hata wiketi moja, 152 kwa sifuri. Mwaka uliofuata, Karachi, wakaikimbiza England hadi 203 vilevile bila kutengana. Katika mechi za aina hiyo mpira lazima ukutwe mbele, la sivyo ova zinaisha. Tatizo ni kwamba mkono una kumbukumbu. Baada ya kupiga 161 dhidi ya New Zealand Desemba 2022, Babar alipitisha ngwe 18 za Testi hadi Oktoba 2024 bila kufikisha hata 50. Nikimtazama katika kipindi hicho naona mguu wa mbele unaotangulia kusimama palepale kila mara, na bati linalolazimika kuuzunguka kuutafuta mpira unaoingia ndani. Multan, Oktoba 2024, pichi ilikuwa laini hata England wakafunga ngwe wakiwa na 823, lakini Babar alipata 30 na 5, ya kwanza ikiishia kwa mpira wa Chris Woakes uliomgonga mguu mbele ya vijiti. Wateuzi wa Pakistan wakamwacha nje ya mechi iliyofuata. Inaniuma kuandika hivi kuhusu mtu aliyesimama dakika 603.

Katika mechi ya tatu ya mfululizo huo dhidi ya England, Rawalpindi, pichi ilikaushwa kwa mafeni makubwa na hita ili mpira uzunguke tangu siku ya kwanza. England walipata 267. Pakistan wakawa 177 kwa wiketi 7, na aliyebaki miongoni mwa wapigaji halisi alikuwa Saud Shakeel, mfupi wa kimo, anayepiga kwa mkono wa kushoto, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepiga 208 bila kutolewa kule Galle. Shakeel hana umbo la kupendeza la Babar. Anarudi nyuma ndani ya mstari wake, anauacha mpira uzunguke hadi umalize, kisha anausukuma penye uwazi na kukimbia. Alikaa na Noman Ali wakaongeza 88, akakaa na Sajid Khan wakaongeza 72, warushaji wawili waliomwamini. Pakistan wakafika 344, wakashinda mechi kwa wiketi 9 na mfululizo kwa mbili kwa moja.

Alipotoka alikuwa na 134 kwa mipira 223. Katika hizo, foo zilikuwa 5, sikisi hakuna. Mikimbio 114 aliikimbia kwa miguu.