Dhahabu ya Kirrin na Msomaji wa Buhemba

Enid Blyton alitoa kitabu cha kwanza cha wapelelezi wake watano mwaka 1942, na cha 21, kilicho cha mwisho, mwaka 1963. Watano hao ni Julian, Dick, Anne, binamu yao George, na mbwa Timmy. Vitabu vyao vilivuka bahari vikaingia mikononi mwa wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, na wengi walionjea humo utamu wa kusoma. Mizani njema ya kuvipima upya ipo Buhemba, wilaya ya Butiama, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Maana kitabu cha kwanza, Five on a Treasure Island, nacho ni hadithi ya dhahabu.

Sifa yake itangulie. Tufani yaibua merikebu iliyozama zamani, na watoto wapata ndani yake sanduku lenye ramani. Baba yake George aliuza sanduku hilo asijue thamani yake. Watoto walikuwa wamekwisha nakili ramani. Julian na George wafungiwapo chini ya ngome, Dick ateremka kisimani kuwaokoa. Mtoto wa Buhemba hana haja ya kufasiriwa hatari ya kushuka shimoni. Hapo kitabu chasema naye kama ndugu.

Lakini dhahabu ionekanapo, undugu huo hukatika. Yapatikana vipande vilivyokwisha yeyushwa, ikatosha kujulikana kuwa ni mali ya jamaa ya George. Buhemba dhahabu haiokotwi hivyo. Jiwe hutolewa durani, husagwa, huoshwa, na chembe zake hunaswa kwa zebaki. Kila hatua ina jasho la mtu na hatari yake. Wapelelezi wanaouliza kila alama ya mguu hawaulizi nani aliichimba dhahabu ya Kirrin, wala katika nchi gani.

Yamkini mtetezi atasema kwamba hadithi ya watoto si kitabu cha historia. Ni kweli, wala historia haidaiwi hapa. Kinachodaiwa ni upelelezi wenyewe, ambao ndio ahadi ya vitabu hivi. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, hakuukomesha mlangoni pa mwenye mali: Bwana Msa hafumbui kifo cha tajiri mpaka nasaba na siri za zamani zimefukuliwa. Kitabu hicho hakikuandikiwa watoto, lakini hakikupungua utamu kwa kuuliza zaidi.

Basi vitabu vya Blyton vistahili kubaki rafuni, na mtoto avisome kwa furaha. Mwalimu wake amwachie swali moja ambalo watano wale hawakulifikia: mikono iliyoitoa dhahabu ardhini ilikuwa ya nani? Mtoto wa Buhemba anaweza kulianza nyumbani kwao.